Bunduki Yenye Tarehe Mbili

Karabiner 98k, bunduki ya kawaida ya askari wa miguu wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, ina urefu wa sentimita 111. Mfuko wa turubai ambao mwanajeshi wa Marekani alibebea nguo zake haukufika urefu huo. Kwa hiyo mwaka 1945, vita vilipokwisha Ulaya na vijana wakawa wanasubiri meli za kuwarudisha kwao, misumeno ilifanya kazi kambini. Hawakukata ovyo. Waliivua pete ya chuma inayoushika ubao na mtutu upande wa mbele, wakaukata ubao mahali pale pale pete ilipokuwa imekaa, kisha wakaitia bunduki mfukoni katikati ya makoti na soksi. Walipofika nyumbani walipaka gundi, wakairudisha pete, na kovu likafichika chini ya chuma.

Leo mtu anayeijua kazi hii akishika bunduki ya namna hiyo, labda kwenye mnada wa mali ya marehemu huko Ohio au Pennsylvania, jambo la kwanza ni kuisogeza pete hiyo. Akikuta mstari mwembamba uliojaa gundi iliyokauka, anajua kwamba bei imeshuka, na anajua pia kwamba karibu hapana shaka bunduki hii ilirudi na askari. Wafanyabiashara huhuzunikia la kwanza. Mwanahistoria hana budi kufurahia la pili, kwa sababu kovu hilo limebeba ushahidi ambao chuma kisicho na doa hakina.

Serikali ya Marekani haikuwakataza askari wake kubeba ngawira, ila iliweka utaratibu. Waraka namba 155 wa Wizara ya Vita, wa tarehe 28 Mei 1945, uliruhusu kila mmoja abaki na vitu alivyoteka kuwa mali yake, mradi afisa avikague na kutia saini cheti chenye jina la askari na orodha ya vitu vyenyewe. Bastola, visu vya singe, kofia za chuma, bendera na bunduki ziliorodheshwa kwa maelfu. Bunduki za rashasha zilikatazwa, maana sheria ya Marekani ya mwaka 1934 ilikuwa imeshazibana. Wengine walizifunga bunduki zao kwenye masanduku ya mbao wakazituma kwa posta, na hizo ndizo zilizonusurika na msumeno.

Kijana wa miaka ishirini aliyeokota bunduki kutoka kwenye rundo la silaha zilizosalimishwa hakujali ilikuwa ya kiwanda gani. Zote zilikuwa za Kijerumani, na hilo lilimtosha. Ndiyo maana vitu vilivyofika Marekani ni mchanganyiko wa ajabu. Ipo bunduki iliyotoka kiwandani mwaka ule ule wa 1945, chuma chake kikiwa na alama za haraka na njaa ya malighafi, na ipo iliyozaliwa kabla ya 1914, ikapigana vita viwili chini ya tawala tatu, ikafanyiwa ukarabati mara mbili au tatu kabla ya kumfikia kijana huyo. Hizi za aina ya pili ndizo zinazowasumbua wakusanyaji, na ndizo zenye mengi ya kusimulia.

Mzizi wake ni mji mdogo wa Oberndorf kando ya mto Neckar, alikofanya kazi Paul Mauser. Jeshi la Ujerumani liliikubali Gewehr 98 mwezi Aprili 1898: bunduki ya komeo, yenye kubeba risasi tano ndani, urefu wa sentimita 125, mtutu wa sentimita 74. Komeo lake lilishika kwa nguvu kiasi kwamba bunduki nyingi za uwindaji hadi leo bado zinafuata mpango ule ule. Haikutengenezwa Oberndorf peke yake. Karakana za serikali za Spandau, Danzig, Erfurt na Amberg ziliitengeneza, na kampuni binafsi kama DWM ya Berlin na zile za Suhl, mji wa wahunzi wa silaha katika milima ya Thuringia, zikaingia kazini pia.

Jina la kiwanda na mwaka viligongwa juu ya risiva, yaani kile kipande kikubwa cha chuma kinachobeba komeo na kupokea mtutu. Ubavuni kushoto yaliandikwa maneno Gew. 98 kwa herufi za Kijerumani za zamani. Kulia waligonga wakaguzi, kila mmoja herufi yake ikiwa imevikwa taji. Namba ya mfululizo ilianzia 1 na kuishia 10,000, kisha ikaanza tena ikifuatwa na herufi a, halafu b, na kuendelea. Mwaka mpya ukiingia, hesabu ilirudi mwanzo. Na namba hiyo haikukaa mahali pamoja. Tarakimu zake mbili za mwisho ziligongwa kwenye kila kipande kidogo, hadi kwenye vichwa vya skrubu. Askari wa kabla ya vita alikuwa na alama moja zaidi nyuma ya kitako, kwenye bamba la chuma: maandishi kama 76.R.8.105 yangesomeka kuwa Rejimenti ya 76 ya askari wa miguu, kombania ya nane, silaha namba 105.

Ukarabati ulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Bunduki iliyoitangulia hii, Gewehr 88, ilipiga risasi butu yenye kipenyo kidogo kidogo tu kuliko ile iliyokuja baadaye. Mwaka 1903 Ujerumani ikachagua risasi mpya yenye ncha kali, iliyoitwa S, pana kwa kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita. Mitutu ikalazimika kurekebishwa, na kila bunduki iliyorekebishwa ikagongwa herufi S. Herufi hiyo moja ilikuwa suala la usalama: kusukuma risasi pana ndani ya mtutu mwembamba ni kucheza na uso na macho ya mpigaji. Viwanda vya risasi vya Marekani viliikumbuka hatari hiyo kwa miongo mingi, vikawa vinatia baruti kidogo kwenye risasi za milimita nane, kwa kuwa havikuweza kujua ni bunduki ipi ya babu gani itakayotolewa stoo.

Kisha ukaja mwaka 1919. Mkataba wa Versailles uliliwekea jeshi la Ujerumani mpaka wa watu 100,000, bunduki ndefu 84,000 na fupi 18,000. Mamilioni ya silaha zikavunjwa. Lakini nchi ilikuwa imejaa bunduki: askari walirudi nazo majumbani, vikundi vya wanamgambo vilizificha, watu walizifukia mashambani. Mwezi Agosti 1920 sheria ikapitishwa ya kuwanyang'anya raia silaha za kivita, na ili mali halali ya jeshi itambulike, ikagongwa 1920 juu ya risiva, kando ya mwaka wa kutengenezwa.

Hapo ndipo zilipopatikana bunduki zenye tarehe mbili. Mtu asiyejua huiona 1917 na 1920 juu ya chuma kimoja akadhani fundi alikosea, au kwamba mtu fulani ameichezea. Kumbe amekutana na mkataba wa amani ulioandikwa kwa nyundo. Vitabu vya shule hutaja idadi na vifungu. Chuma hiki kinaonyesha namna kifungu kilivyotoka mezani pa wanadiplomasia, kikapita kwenye bohari, kikaishia kwenye bunduki moja ya askari mmoja.

Kazi ya kutengeneza silaha ndogo za jeshi hilo dogo ilipewa kampuni moja, Simson & Co. ya Suhl. Washindi wa vita walitaka iwe moja ili waweze kuisimamia. Familia ya Simson ilikuwa ya Kiyahudi, nayo ilikuwa imefanya kazi ya chuma Suhl tangu katikati ya karne ya 19, ikitengeneza bunduki, baiskeli na baadaye magari. Chuki dhidi ya Wayahudi wenye viwanda vya silaha haikuwa mpya. Mwaka 1892 mchochezi Hermann Ahlwardt alichapisha kijitabu akidai kwamba kampuni ya Loewe ilikuwa ikiliuzia jeshi bunduki mbovu kwa makusudi. Mahakama ikamtia hatiani kwa kashfa, na bado wapiga kura wakampeleka bungeni. Wanazi waliposhika dola, Fritz Sauckel, kiongozi wa chama chao Thuringia, aliitolea macho kampuni ya Simson. Mwaka 1935 ikaporwa. Familia ikakimbilia nje ya nchi mwaka uliofuata. Kiwanda kikabadilishwa jina mara ya kwanza, kisha kikaitwa Gustloff, kwa heshima ya kiongozi wa Kinazi aliyeuawa Uswisi mwaka 1936.

Kwa hiyo bunduki yenye jina la Simson na ile yenye alama ya Gustloff zinaweza kuwa zimetoka kwenye mashine zile zile, mikononi mwa mafundi wale wale. Kilichobadilika ni mwenye mali, na kilichombadilisha ni wizi. Sauckel alinyongwa Nuremberg tarehe 16 Oktoba 1946, kwa makosa makubwa zaidi ya hilo: ndiye aliyesimamia ukusanyaji wa mamilioni ya watu wa kufanyishwa kazi kwa nguvu. Baadhi yao walizitengeneza bunduki hizi hizi. Gustloff ilikuwa na kiwanda kando ya kambi ya Buchenwald, na Steyr ya Austria ilitumia wafungwa wa Gusen kutengeneza vipande vya bunduki. Mkusanyaji anayesoma alama za viwanda hivyo, bcd au bnz, na kuishia kwenye bei atakuwa amesoma nusu tu ya kilichoandikwa.

Katika miaka ya kubanwa na mkataba wa Versailles, jeshi lilijifunza kutumia tena kilichopo. Vita vya mahandaki vilikuwa vimeonyesha kwamba kilengeo cha Gewehr 98, kilichoanzia mita 400, hakikumfaa askari aliyemwona adui wake ng'ambo ya seng'enge. Vilengeo vikabadilishwa viwe vya kuanzia mita 100. Mkono wa komeo, uliokuwa umenyooka ubavuni na kumkwaza askari, ukakunjwa uelekee chini. Mkanda ukahamishiwa ubavuni. Bunduki iliyofanyiwa hayo yote ikaitwa Karabiner 98b, ingawa ilibaki ndefu kama zamani. Jina la karabina lilisaidia kwenye hesabu za mkataba.

Mwezi Juni 1935, Hitler akiwa ameshatangaza hadharani kwamba Ujerumani inajiandaa upya kijeshi, ikakubaliwa Karabiner 98k yenye mtutu wa sentimita 60. Viwanda vikafichwa nyuma ya namba na herufi. Mauser wa Oberndorf alikuwa S/42, kisha 42, kuanzia 1941 byf, na mwaka wa mwisho svw. Miaka nayo ilifichwa kwa muda: K ilikuwa 1934, G ilikuwa 1935. Jeshi lilikuwa na orodha yake ya siri ya herufi hizo, na ni baada ya vita tu watu wa nje walipoweza kuisoma. Badala ya herufi zenye taji, sasa wakaguzi waligonga tai na namba.

Viwanda vipya havikutosheleza jeshi lililokuwa likikua kila mwezi. Bohari za jeshi, zilizoitwa Heereszeugamt, zikachukua bunduki za zamani na kuziunda upya. Bunduki moja ya kawaida ya namna hiyo, ukiiweka mezani chini ya taa, husomeka hivi. Ubavuni kushoto bado pameandikwa Gew. 98, wakati 98k ya kweli imeandikwa Mod. 98. Juu ya risiva pana taji, neno Danzig na mwaka 1916. Mtutu ni mpya, mfupi, na chini yake, ukivua ubao, unakuta tai. Kulia kuna herufi tatu zenye taji zilizofifia kwa kusuguliwa, na juu yake au pembeni yake tai mwingine mdogo, wa ukaguzi wa pili. Namba ya zamani kwenye kipande cha komeo imepigwa mstari, na mpya imegongwa kando. Katika kitako kuna tundu lenye pete ya chuma, la kumsaidia askari kufungua pini ya komeo. Bunduki ya mwaka 1900 ilikuwa na bamba la duara lisilotoboka mahali hapo. Ukifikisha kidole kwenye shingo ya kitako utahisi kwamba ubao umesuguliwa zaidi ya mara moja.

Makosa mengi hutokea hapa. Kwa miaka mingi soko la Marekani lilifundisha watu kupenda bunduki ambayo namba zake zote zinafanana, na kwa sababu hiyo bunduki zilizopita boharini zikatupwa kwenye fungu la mabaki yaliyochanganywa. Richard D. Law alipochapisha kitabu chake kinene juu ya 98k mwaka 1991, wengi ndipo walipoanza kupata njia ya kulinganisha alama kwa utaratibu. Tangu hapo wakusanyaji wamekuwa wakiorodhesha namba moja baada ya nyingine, wakilinganisha umbo la tarakimu: je, 4 hii imefungwa juu au imeachwa wazi? Je, chapa hii ni ile ile inayoonekana kwenye bunduki nyingine zilizotoka bohari hiyo? Bunduki moja haiwezi kuthibitisha lolote. Ishirini zenye chapa moja, zilizopatikana katika familia zisizojuana, zinaweza.

Afrika Mashariki iliujua ukarabati huu kwa njia yake. Vita vilipofika mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, walikuwa bado wamebeba bunduki ya mwaka 1871, kazi ya awali ya ndugu Wilhelm na Paul Mauser: risasi moja kwa wakati, kipenyo cha milimita 11, na baruti iliyotoa wingu la moshi mweupe lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmaki la Kronborg, ilikimbilia ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga huku ikipigwa mizinga na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Shehena iliokolewa majini: bunduki za kisasa, na risasi zilizoloa maji ya chumvi. Risasi hizo zikafunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena. Nyingi bado ziligoma kulipuka vitani.

Mwisho wa safari ya jeshi hilo unafaa kumfikirisha kila anayetafuta bunduki ya kamanda wake, Lettow-Vorbeck. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma akaiteka ngome ya Wareno ya Negomano, akapata mamia ya bunduki na robo milioni ya risasi. Zile za mwaka 1871 zikatupwa. Aliposalimisha silaha Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, mwaka mmoja baadaye siku ile ile, hesabu yake mwenyewe ilikuwa bunduki 1,071, na zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la mwisho la Kaiser kuweka silaha chini halikuwa na bunduki ya Kijerumani ya kukabidhi, isipokuwa kwa maana moja. Bunduki ya Kireno ya wakati ule, Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, ilitengenezwa Berlin na DWM. Huenda baadhi ya walivyoteka askari wa Kiafrika kule Negomano vilikuwa vimevuka bahari kutoka mji mkuu wa mabwana zao. Na mwishoni mwa miaka ya 1930 Wareno waliichukua bunduki hiyo hiyo, wakaifupisha na kuibadilisha ipige risasi ya Kijerumani ya milimita 7.92.

Baada ya 1945 historia ya ukarabati ikatawanyika duniani, na mtu anayesema kwamba bunduki yake ililetwa na mjomba kutoka Ulaya inambidi aijue. Wasovieti walikusanya mamilioni. Katika karakana zao walizivunja zote vipande vipande, wakazisafisha, wakatia rangi nzito nyeusi ya kuzuia kutu, wakapaka mbao shelaki nyekundu, kisha wakazifunga tena kwa vipande vilivyokuwa karibu na mkono. Namba mpya ziliandikwa kwa kalamu ya umeme au kugongwa, na herufi X ikawekwa kwenye risiva. Zilikaa katika maghala ya Urusi na Ukraine hadi zilipoingia Marekani kwa makontena karne hii ilipoanza. Ni bunduki za kweli, zina historia nzito ya upande wa mashariki, ila hazikurudi katika mfuko wa askari yeyote wa Marekani.

Norway, iliyobaki na akiba kubwa ya silaha za jeshi la Kijerumani lililosalimu amri huko, ilizitia mitutu ya kupiga risasi ya Kimarekani ya .30-06. Kwa kuwa risasi hiyo ni ndefu zaidi, ilibidi risiva ichongwe pengo dogo mbele, na jeshi la nchi kavu likagonga neno HÆR. Yugoslavia ilisaga tai na swastika, ikaweka nembo ya jamhuri yake mpya. Israeli ilinunua kutoka Czechoslovakia mwaka 1948, wakati karibu kila mlango mwingine ulikuwa umefungwa. Baadaye ikazibadilisha zipige risasi ya 7.62 ya NATO. Zipo bunduki ambazo juu ya chuma kimoja zina tai wa jeshi la Hitler na Nyota ya Daudi. Hakuna haja ya maelezo marefu kwa anayeiona kwa mara ya kwanza.

Na zipo zilizofika Marekani kupitia Vietnam. Wasovieti walizigawa kwa marafiki zao, zikafika mikononi mwa wapiganaji wa Viet Cong, na wanajeshi wa Marekani wakaziteka katika miaka ya 1960. Iliwezekana kabisa baba awe amerudi na 98k kutoka Bavaria na mwanawe akarudi na nyingine kutoka karibu na Saigon, kila mmoja na karatasi yake ya ngawira.

Kilichozipata nyingi ya zile za 1945 ni utulivu wa nyumbani, na utulivu huo uliharibu kuliko vita. Wanaume wale walikuwa wawindaji. Kufikia miaka ya 1950 walikuwa wameukata ubao uwe mwepesi, wametoboa risiva ili wafunge darubini, wameviondoa vilengeo vya asili. Risasi za milimita 7.92 zilikuwa adimu madukani, basi mafundi wakapanua chemba ipokee kopo la .30-06 lililopanuliwa mdomo. Ukarabati huo nao ni historia, ya kulungu na misitu ya Michigan, na haustahili dharau. Lakini leo unazua hatari: chemba iliyopanuliwa mara nyingi haikugongwa alama yoyote, na anayetia humo risasi ya Kijerumani akiamini maandishi ya zamani anaweza kupasua kopo la risasi usoni pake. Bunduki ya urithi hupelekwa kwanza kwa fundi apime chemba, kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa bunduki ambayo haikuguswa, ishara moja husaidia kuliko nyingi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilifunga uingizaji wa silaha za jeshi za zamani, na milango ilipofunguliwa tena katika miaka ya 1980, kila mwagizaji alitakiwa kugonga jina la kampuni yake kwenye chuma. Bunduki yenye chapa hiyo haikuletwa na askari. Isiyo nayo inaweza kuwa ililetwa naye, au iliingizwa kibiashara kabla ya 1968, na hapo karatasi ndiyo inayoamua.

Ambapo pesa ipo, waghushi hawako mbali. Alama za SS ndizo zinazoghushiwa zaidi, kwa sababu ndizo zinazolipiwa zaidi, na yapo mambo ya kusikitisha katika hilo ambayo wakusanyaji wenyewe wangepaswa kuyajadili kwa sauti. Komeo la namba ngeni husuguliwa na kugongwa namba inayofanana na risiva. Tai waliosagwa Yugoslavia huchorwa upya. Mtaalamu hutazama ukingo wa chapa: nyundo ya 1941 ilisukuma chuma pembeni kabla ya rangi kutiwa, kwa hiyo rangi imeshuka hadi ndani ya mfereji, ilhali chapa ya juzi imekata rangi, na ndani yake chuma kinang'aa. Hata vyeti vya 1945 vinaghushiwa, kwenye karatasi iliyochovywa chai.

Vyeti vya kweli vina udhaifu wao. Maafisa waliokuwa na foleni ya mamia ya vijana mlangoni mara nyingi waliandika tu bunduki moja ya Kijerumani, bila namba. Katika hali hiyo kinachoishikamanisha karatasi na chuma ni familia peke yake. Mzee akifariki, mmoja wa watoto akachukua bunduki, mwingine barua na picha, na mnada ukauza cheti kando kwa mpenzi wa karatasi, uhusiano huo hauwezi kurudishwa na mtaalamu yeyote, hata awe na orodha ndefu ya namba kiasi gani. Inabaki bunduki nzuri ya Danzig iliyokarabatiwa, na cheti kizuri cha mtu fulani.

Kuandika namba ya bunduki kwenye karatasi inayowekwa pamoja na cheti, pamoja na jina la kikosi cha mzee na mji alipoiokotea, huchukua dakika chache. Kupiga picha kila alama, hata isiyoeleweka, huchukua jioni moja. Na wale waliovuta msumeno kambini mwaka 1945 wamebaki wachache sana, wakikaribia au kupita miaka mia, na baadhi yao bado wanaweza kuulizwa.